Mahojiano, ukurasa wa tangazo, kazi ya mkono au ankara: njia ipi inapima soko la programu ya data za maabara?

Chukua wazo hili: programu inayosoma matokeo ya mashine za qPCR (zinazozidisha vinasaba na kupima wingi wake kwenye sampuli) za watengenezaji tofauti, inayokagua vidhibiti vya kila sahani (sampuli zenye majibu yanayojulikana), kisha inatoa ripoti ambayo mkaguzi wa ithibati ataipokea. Tatizo lenyewe halina ubishi. QuantStudio, moja ya mashine hizo, isipoona ishara kwenye kisima (kishimo kimoja cha sahani) huandika neno Undetermined. CFX ya Bio-Rad huandika NaN au N/A. Safuwima ya mzunguko ambao ishara ilionekana, moja huiita CT, nyingine Cq. Faili moja inaanza na mistari mingi ya maelezo ya mashine kabla ya jedwali, nyingine inaingia kwenye jedwali moja kwa moja. Fundi sanifu anabandika vyote kwenye Excel na kuweka AVERAGE, na AVERAGE huruka maneno bila kulalamika. Sampuli iliyosomwa mara tatu, ikatoa 38.2 mara moja na Undetermined mara mbili, inapata wastani wa 38.2, kana kwamba visima vyote vitatu vilikubaliana.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, linalotakiwa kujulikana ni kama kuna mtu atakayetoa fedha ili jambo hili liishe. Kuwepo kwa tatizo na kuwepo kwa mlipaji ni vitu viwili, na kisa cha majina ya jeni kwenye Excel kinaonesha umbali uliopo kati yake. Tangu 2004 ilichapishwa kwamba Excel hugeuza majina kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe. Mwaka 2016 uchunguzi mwingine ulikuta kosa hilo katika takriban moja ya tano ya makala za jenomiki zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel. Ushahidi wa tatizo haukupungukiwa na kitu. Hata hivyo halikumalizwa na programu ya kununuliwa: mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina yenyewe, SEPT2 ikawa SEPTIN2 na MARCH1 ikawa MARCHF1, na 2023 Microsoft ikaongeza kitufe cha kuzima ubadilishaji huo. Aliyeona makala zile akadhani ameona soko angeumia.

Njia zinazolinganishwa hapa ni saba. Hazina uzito sawa, na hatutazipa nafasi sawa.

## Hesabu vichwa kwanza

Hii ni kazi ya mchana mmoja na haihesabiwi kuwa njia, lakini ndiyo itakayoamua njia zipi zina maana kwako. Anza na jumla, kisha punguza kwa kila sharti ambalo mteja wako lazima alitimize. Kwa mfano, tuseme umeorodhesha maabara 150 za ukanda wetu zenye mashine ya qPCR: za utafiti wa malaria, kifua kikuu, mifugo, vyuo vikuu na hospitali za rufaa. Zinazosoma sahani zaidi ya 10 kwa wiki ni 60. Zenye mashine za chapa mbili au zaidi ni 30. Kati ya hizo, zenye ithibati ya ISO 15189 au ISO/IEC 17025 (viwango vya kimataifa vya maabara), au zinazoitafuta, ni 20. Ukiuza kwa dola 600 kwa mwaka, na wote 20 wakanunua, umepata dola 12,000. Hiyo haimlipi hata programa mmoja mzoefu mwaka mzima.

Tarakimu zako zitatofautiana, ila umbo la hesabu litabaki lilelile. Kuna njia mbili za kutoka: bei ipande hadi dola 3,000 kwa maabara, au orodha ivuke mipaka ya Afrika Mashariki. Kila moja inabadilisha mtu wa kumhoji. Orodha ya maabara zenye ithibati inapatikana wazi kwenye tovuti za vyombo vinavyoitoa, kama KENAS kwa Kenya na SADCAS, ambayo huhudumia maabara nyingi za Tanzania. Huna haja ya kukisia.

## Kwa jicho moja

| Njia | Muda | Inajibu nini | Inadanganya wapi |
|---|---|---|---|
| Kusoma nyayo | siku 2–4 | nani anafanya nini sasa | makala huficha taabu |
| Mahojiano | wiki 2–4 | tatizo linatokea vipi, linagharimu nini | adabu |
| Dodoso | wiki 2–3 | ukubwa wa jambo ulilokwisha kulielewa | wanaojibu si wanaonunua |
| Ukurasa na matangazo | wiki 1–3 | kidogo sana kwa soko jembamba | idadi haitoshi |
| Kazi ya mkono | wiki 4–8 | kama matokeo yana thamani | wanakupenda wewe, si programu |
| Programu huria | miezi 6–18 | kama itatumika | upakuaji wa roboti |
| Ankara ya majaribio | miezi 2–10 | kama watalipa | mzunguko wa bajeti |

## Kusoma nyayo

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haina mtu wa kuongea naye. Fungua PubMed Central, hifadhi ya wazi ya makala za tiba na baiolojia, tafuta makala 50 za miaka mitatu iliyopita kutoka taasisi zilizo kwenye orodha yako, na usome sehemu ya mbinu tu. Weka jedwali lenye safuwima tano: mashine, programu ya kuchambulia, nani alichambua, kama wametaja skripti waliyoitunga wenyewe, na barua pepe ya mwandishi wa mawasiliano. Skripti ya kujitungia ni dalili nzuri kuliko malalamiko, maana mtu amekwisha toa muda wake. Angalia pia matangazo ya zabuni za mifumo ya maabara na matangazo ya kazi. Maabara inayotafuta mtu wa "kuandaa na kuhakiki data za PCR" inalipa mshahara kwa tatizo lako, na mshahara huo ni kipimo cha bei.

Udhaifu wake ni kwamba makala huoshwa kabla ya kuchapishwa. Hakuna anayeandika kwamba alirudia sahani mbili kwa sababu mtu alipanga safuwima vibaya. Lakini mwisho wa siku nne una orodha ya watu 50 wenye barua pepe, na hao ndio wa hatua inayofuata.

## Mahojiano

Hapa ndipo muda mwingi uende, na ndipo makosa mengi hutokea.

Idadi kwanza. Kama tatizo liko kwa maabara moja kati ya tano, ukihoji watu 12 uwezekano wa kutomkuta hata mmoja ni takriban 7%. Ukihoji 8 unapanda hadi 17%. Kwa hiyo 12 ni sakafu nzuri. Kinyume chake, ukihoji 12 wote wakasema hawana, kwa kanuni ya takwimu iitwayo kanuni ya tatu bado inawezekana wanaolipata wakafika 25% ya kundi zima (3 gawanya kwa 12). Hiyo ndiyo sababu "hapana" 12 hazifungi mjadala kihesabu, ingawa kibiashara zinatosha kukusimamisha.

Usihoji watu 12 wa aina moja. Katika maabara kuna angalau wanne wanaoligusa tatizo: fundi sanifu anayesoma sahani, mwanafunzi wa uzamivu anayechambua, msimamizi wa ubora anayejibu mbele ya mkaguzi, na mtafiti mkuu mwenye fedha za mradi. Fundi ndiye anayeumia, msimamizi wa ubora ndiye anayeogopa, na mtafiti mkuu ndiye anayesaini. Kwa programu hii tunampa uzito msimamizi wa ubora, kwa sababu hofu ya kufeli ukaguzi ina tarehe kwenye kalenda, na uchovu wa fundi hauna.

Kosa kubwa ni kulieleza wazo lako dakika ya tatu. Ukishaeleza, umemweka mwenzako mahali ambapo adabu inamlazimu akusifu. "Wazo zuri sana, tuko pamoja" na "ikikamilika utushirikishe" kwetu mara nyingi ni namna ya kukuaga salama. Badala yake, uliza kilichokwisha kutokea:

"Dada, naomba unioneshe sahani ya mwisho uliyoisoma. Baada ya mashine kumaliza, ulifanya nini?" Kaa kimya, tazama skrini, hesabu dakika.

"Mara ya mwisho kidhibiti hasi kutoa ishara, mligunduaje? Nani aliamua irudiwe?"

"Profesa, programu ya mwisho ambayo maabara ililipia ni ipi, na fedha zilitoka kifungu gani?"

"Kiasi gani unaweza kuidhinisha mwenyewe bila kupitia zabuni?" Jibu la swali hili liandike kwa wino mwekundu, utalihitaji kwenye ankara.

Swali la "ungelipa kiasi gani?" liache. Mtu hana njia ya kujua, na atakutajia tarakimu ya kukufurahisha au ya kukupunguza. Uliza gharama ya sasa: saa ngapi kwa wiki, vitendanishi vya sahani ngapi vilirudiwa mwezi uliopita.

Baada ya mahojiano ya tano, jipime. Kama wanne kati ya watano hawakuweza kukuonesha tukio lenye tarehe, tatizo ni la kero, si la bajeti. Badilisha kundi au badilisha tatizo kabla ya kuendelea na saba waliobaki.

## Dodoso na ukurasa wa tangazo

Tunaziweka pamoja kwa sababu zote mbili zimeazimwa kutoka masoko mapana.

Dodoso lina nafasi yake baada ya mahojiano, unapotaka kujua jambo mahususi lina ukubwa gani: asilimia ngapi wana mashine za chapa mbili, wangapi wanahamisha data kwa flashi. Maswali yasizidi manane, lote lijazike kwenye simu. KoboToolbox, zana ya kukusanya data kwa fomu, inatosha, na watafiti wengi wameizoea. Likitangulia mahojiano, linakurudishia dhana zako mwenyewe zikiwa na asilimia pembeni.

Ukurasa wenye kitufe cha "jiandikishe" pamoja na matangazo ya kulipia unapendwa na wanaofundisha biashara changa. Tazama hesabu. Ili utofautishe kiwango cha kujiandikisha cha 1% na cha 3%, yaani 2% kujumlisha au kutoa 1%, unahitaji takriban wageni 750. Soko lako lote lina maabara 150. Hata ukihesabu watu watatu kwa kila maabara hujafika. Utakachopima ni udadisi wa wanafunzi wa nchi nyingine. Zana za kupima maneno ya utafutaji nazo hazisaidii sana, kwani maneno membamba hivi huonekana kuwa na utafutaji karibu na sifuri kila mwezi, na sifuri hiyo haikwambii kama wanunuzi hawapo au hawatafuti kwa Google. Tengeneza ukurasa, ndiyo, ili unayemwandikia barua pepe akute mahali pa kusoma. Fedha za matangazo zitumie kwa nauli ya kwenda Moshi, Kilifi au Entebbe.

## Kazi ya mkono

Kati ya njia zote, hii ndiyo inayofundisha zaidi kwa gharama ndogo. Huandiki programu. Unachukua faili za maabara tatu hadi tano, unazishughulikia mwenyewe kwa skripti za R au Python zilizounganishwa ovyo nyuma ya pazia, na unarudisha ripoti ileile ambayo programu ingetoa.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Omba kila maabara sahani tatu za zamani ambazo tayari wanajua majibu yake, ili walinganishe. Majina na namba za wagonjwa ziondolewe kabla faili hazijatoka kwao. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022, na sampuli za tafiti zina masharti ya kamati za maadili juu ya hizo. Mkataba wa kuhamisha data unaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, kwa hiyo anza na sahani za majaribio ya ndani au za mafunzo, ambazo hazina mgonjwa. Rudisha ripoti ndani ya saa 48. Kisha toza. Hata dola 50 kwa sahani kumi inatosha. Bure huficha jibu.

Andika vitu vitatu kila mara: dakika ulizotumia kwa sahani, kanuni mpya ulizolazimika kuongeza, na kama maabara ilituma mzigo wa pili bila kukumbushwa. Kipimo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Sifa kwenye WhatsApp hazihesabiwi.

Kinachoharibika hapa kinajulikana. Kwanza, unageuka mshauri: maabara ya kwanza inataka kizingiti cha Ct 35, ya pili 38, ya tatu inataka curve ya viwango kwa kila sahani, ya nne ina vidhibiti viwili. Vizingiti vinavyotofautiana ni mipangilio tu, programu itavibeba. Lakini kama maabara tatu kati ya tano zinahitaji mantiki tofauti kabisa, ulichonacho ni huduma, na uipangie bei kama huduma. Pili, wanapenda kwamba kuna mtu anayepokea simu. Jaribu mzigo wa tatu bila maelezo yako, ripoti pekee, uone kama maswali yanaongezeka. Tatu, kosa lako litaingia kwenye majibu yao. Acha maabara iendelee na njia yake ya zamani sambamba hadi mwisho wa majaribio.

## Programu huria

Kuweka skripti zako wazi kwa wote ni njia halali, na ina mfano mkubwa: Nextflow, programu ya kuendesha uchambuzi wa data za jenomiki, ilianza 2013 katika kituo cha jenomiki cha CRG huko Barcelona, na kampuni ya Seqera iliyojengwa juu yake ilianzishwa 2018. Angalia pengo: miaka mitano, na katika fani inayotumiwa na maelfu ya taasisi duniani. Kwa maabara 20 mchezo huo haurudii kirahisi.

Idadi ya upakuaji ipuuze. Namba za PyPI na CRAN, hazina za vifurushi vya Python na R, hujazwa na seva zinazonakili hazina nzima na mifumo ya majaribio ya kiotomatiki. Hesabu ripoti za hitilafu kutoka kwa watu usiowajua wanaoambatanisha faili halisi, na barua za faragha zinazouliza kama kuna msaada wa kulipia. Hizo za mwisho hata zikiwa tatu ni habari. Hatari yake ni kwamba ukishatoa bure kile ambacho watu wanakihitaji, kitakachobaki cha kuuza ni usalama, kumbukumbu za ukaguzi na msaada. Kwa wazo letu hilo si baya, kwa sababu kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini ndiyo anayoiulizia mkaguzi, na maabara zinazofanya majaribio ya dawa chini ya kanuni ya Marekani ya kumbukumbu za kielektroniki, 21 CFR Part 11, haziwezi kukwepa.

## Ankara ya majaribio

Hapa ndipo maneno yanaisha. Panga dalili za nia kwa ngazi: anakupa muda wa pili, anakupa data halisi, anakutambulisha kwa mwenye bajeti, anasaini barua ya kusudio, analipa. Barua ya kusudio iliyosainiwa na mwanafunzi wa uzamivu ni karatasi. Iliyosainiwa na mkuu wa maabara, ikitaja kiasi, kifungu cha fedha na mwezi, inafaa kuhesabiwa, na hata hivyo iko ngazi moja chini ya fedha.

Toa pendekezo la majaribio ya miezi mitatu, ukurasa mmoja: bei, idadi ya sahani, kipimo cha mafanikio ("ripoti ya sahani 40 zilinganishwe na za msimamizi, tofauti zisizidi mbili"), na jina la atakayesaini mwisho. Bei iwe chini kidogo ya kile kiasi ulichokiandika kwa wino mwekundu. Ambatanisha ankara kifani (proforma), siyo kiungo cha kulipia kwa kadi. Taasisi nyingi hazina kadi ya kulipia. Utaulizwa TIN, usajili wa mzabuni, na risiti ya EFD kwa Tanzania au ankara ya eTIMS kwa Kenya. Taasisi za umma Tanzania hununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, kwa hiyo kama hujajisajili humo, majaribio yako yatakwama kwa sababu isiyohusu programu. Malipo pia yatakuja yakiwa yamekatwa kodi ya zuio. Iweke kwenye bei mapema.

"Hapana" ya njia hii isomwe kwa uangalifu. Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza 1 Julai. Ombi lako likifika Machi bajeti ya mwaka imeshaliwa, na likifika Mei kila mtu anakimbizana kufunga vitabu. Fedha za wafadhili zina saa yake nyingine: ombi jipya la ruzuku ya utafiti ya aina ya R01 kwa NIH, taasisi ya afya ya Marekani, linalowasilishwa kufikia 5 Februari, kwa ratiba ya kawaida, huanza kulipwa mapema kabisa Septemba au Desemba. Kwa hiyo "hatuna fedha" inaweza kuwa "hatukuandika mstari huo kwenye ombi". Uliza: "Ombi lenu lijalo linaandikwa lini, na naweza kuwapa aya na bei ya kuweka kwenye bajeti?" Anayekubali kuiweka aya hiyo amekupa zaidi ya barua ya kusudio. Anayekwepa hata hilo amekujibu.

## Uchague ipi

Ukiwa programa usiye na mtu ndani ya maabara: nyayo siku nne, mahojiano 12, kazi ya mkono kwa maabara tatu. Usiguse dodoso wala programu huria hadi hapo.

Ukiwa mtu wa maabara, mahojiano na wenzako yana thamani ndogo. Watakuunga mkono kwa ujamaa, na shida za maabara yako unazijua tayari. Nenda moja kwa moja kwenye kazi ya mkono, lakini kwa maabara tatu za taasisi nyingine, angalau moja ikiwa na mashine ambazo hujawahi kuzitumia.

Ukiwa na fedha za ufadhili za mwaka mmoja, jaribu la kuandika programu huria ni kubwa kwa sababu linaonekana vizuri kwenye ripoti ya mfadhili. Fanya hivyo, ila tenga robo ya muda kwa ankara mbili za majaribio ambazo tarehe zake umezipanga kwa kalenda ya mnunuzi.

Na uweke kikomo kwa maandishi kabla ya kuanza. Cha kwetu kwa wazo hili kingekuwa: katika mahojiano 12, watano waoneshe tukio lenye tarehe, katika maabara tano za kazi ya mkono, tatu zitume mzigo wa pili zenyewe, katika ankara kifani nne, moja ilipwe au mbili ziingie kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Ikikosekana ya kwanza, acha tatizo hilo. Ikikosekana ya pili, tatizo ni sahihi ila suluhisho lako silo. Ikikosekana ya tatu peke yake, rudi kwenye hesabu ya vichwa ukiwa na mnunuzi mwingine: msambazaji wa mashine, ambaye tayari amesajiliwa NeST, tayari anatoa risiti ya EFD, na anatafuta kitu cha kuambatanisha na mkataba wake wa matengenezo.